Vidole vya Wifi Yangu

Wifi yangu ana mdomo, na mimi ninao pia, kwa hiyo tangu kaka yangu amlete nyumbani hatujawahi kukosa la kuzungumza. Siku ya kwanza alikaa sebuleni kwetu, akatazama kuta, akasema rangi ile inatia homa. Nikamwambia hata yeye mashavuni amejipaka ya aina hiyo hiyo. Kaka, mtu mpole mno, alitoka nje kuangalia kama mvua itanyesha, na jua lilikuwa kali ajabu. Alipokata tamaa ya kuiona mvua akarudi ndani, akatukuta tunacheka.

Nataka niwaeleze mimi mwenyewe mtu huyu ni nani kabla watu hawajamharibu kwa sifa. Siku hizi kila anayepita kwenye kibanda changu ananiambia, "Wifi yako shujaa." Shujaa wa wapi? Shujaa gani anayewafokea watangazaji wa televisheni kana kwamba wanamsikia? Shujaa gani anayempangia mumewe soksi, kisha anamlaumu kwa soksi alizopangiwa? Mimi namjua vizuri kuliko wote. Ni mkorofi, hana subira, na hawezi kuona foleni imesimama bila kutaka kuisukuma kwa mikono yake. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza.

Kazi yake ilikuwa dirisha la kwanza kwenye kituo cha mpakani, upande wetu. Mimi niko hapo hapo nje ya lango, kwenye kibanda cha picha za pasi: kitambaa cheupe ukutani, kiti kimoja, na kioo kidogo cha wale wanaodhani kuchana nywele kutabadilisha kitu. Kutoka kwenye kiti changu naona kila kinachofanyika kituoni, na nisichokiona nasimuliwa.

Pale ndani kuna ubao mkubwa umeandikwa, "Taarifa zako binafsi ziko salama nasi." Chini ya ubao huo kulikuwa na boksi la nakala za vitambulisho zilizotoka vibaya, na kila jioni muuza karanga alikuja kulichota bila kumuuliza mtu, akaenda kufungia karanga zake. Niliwahi kununua karanga zikiwa ndani ya kitambulisho cha mwalimu wangu wa shule ya msingi. Nikaona tarehe yake ya kuzaliwa, nikashika kiuno. Kumbe alipokuwa akituchapa kwa kutoheshimu wazee hata yeye alikuwa kijana. Neno la siri la kompyuta lilibandikwa juu ya kompyuta yenyewe, ili lisisahaulike. Na mlinzi wa lango alikuwa akizinakili namba za simu za wasafiri wa kike, akawapigia jioni kuwauliza kama wamefika salama. Usiseme serikali haikujali.

Basi katikati ya usalama huo ikaletwa mashine ya vidole. Ni kiboksi chenye kioo. Unaweka vidole, inalia tii, inawaka taa ya kijani, umeandikwa. Walioileta walikuwa watu wenye mikono laini. Hawakufikiria kwamba wanaovuka mpaka ule kila wiki ni mafundi plasta waliolambwa vidole na sementi, na wanawake wanaopika sabuni kwa magadi hadi ngozi inang'aa. Mtu anaweka kidole, mashine kimya. Anakipangusa kwenye suruali, kimya. Anakitia mate, mashine inakasirika na kuwasha nyekundu. Na nyuma yake foleni imefika hadi kwenye kibanda changu, watoto wanalia, na mtu mmoja lazima atasema ana mgonjwa.

Dawa ilikuwepo. Kwenye ile mashine kulikuwa na kitufe cha mtu ambaye alama zake hazisomeki. Lakini ukikibonyeza, mkuu wa kituo anatakiwa atoke ofisini, amtazame mtu kwa macho yake, aandike maelezo na kuyaidhinisha. Mkuu wetu alikuwa na sentensi moja tu maishani, "Foleni itembee!", na kwa sababu hiyo tulimwita Foleni. Kuandika maelezo kulimuumiza kuliko jino. Siku wifi yangu alipomwita mara ya kwanza kwa ajili ya kitufe hicho, alichungulia mlangoni na kikombe chake mkononi, akamtazama fundi plasta aliyesimama pale, akamtazama wifi, akasema, "Sasa wewe huna vidole?" Akarudi ndani.

Wifi yangu akafikiri kidogo. Kisha akaweka vyake. Tii. Kijani.

Toka siku hiyo kila aliyekataliwa na mashine aliazimwa vidole vya wifi yangu. Jina la msafiri, picha ya msafiri, vidole vya wifi. Wakija tena wiki inayofuata, mashine ikitaka kidole, anapitisha mkono dirishani na kuwafungulia kama mwenye nyumba. Foleni ikatembea. Mkuu akasifiwa na makao makuu kwa ufanisi, akapewa cheti, akakitundika juu ya birika. Wasafiri wakampa wifi jina la Mama Vidole. Mimi nilimwambia, "Unagawa vidole kama pipi. Siku mmoja wao akiua mtu, atakayenyongwa ni wewe." Akanijibu kwamba akinyongwa, angalau hatanisikia tena.

Alikuwa akicheka. Lakini kuna jambo hakuwa akilichekea kamwe, na ni lazima niliseme sasa, maana ndilo lililotufikisha pale tulipofika.

Wifi na kaka wana mtoto mmoja tu, binti, mwenye pua ya ukoo wetu na mdomo wa mama yake, masikini wa Mungu. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, kwa fundi wa majenereta, kijana mwenye adabu. Mimba ya kwanza ilikuwa na matatizo. Wifi akaomba ruhusa aende. Foleni akamwambia ni msimu wa shule kufungwa, watu ni wengi, asubiri kesho. Kesho ikawa kesho nyingine. Mtoto akazaliwa amekufa, akazikwa, na bibi yake yuko dirishani anaandika safari za watu wengine. Mpaka ule aliutazama kila siku ya maisha yake ya kazi, na hakuwa amewahi kuuvuka hata mara moja.

Binti alipopiga simu hakulia. Alisema tu, "Kila mtu alikuja, mama. Ila wewe." Wifi yangu, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu, aliweka simu chini, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliona uchungu wake siku ile na sitaki kuuona tena.

Kwa hiyo binti aliposhika mimba ya pili na madaktari wakampangia siku ya upasuaji, wifi aliingia ofisini kwa Foleni na kumwambia, "Sikuombi. Nakuaga." Akachukua likizo. Akanunua vijishuka vya mtoto, akavifua, akavipiga pasi, akavifua tena. Na wiki hiyo hiyo alipokuwa nyumbani akipiga pasi, mtaalamu mmoja alikuja kituoni na kompyuta ya begani, akaunganisha mashine ya upande wetu na ya upande wa pili, akaifundisha kulinganisha vidole vyote vilivyomo, akanywa chai, akaondoka. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia Mama Vidole. Si alikuwa likizo?

Siku ya safari tulitoka wawili, mimi na yeye. Upasuaji ulikuwa kesho yake asubuhi. Kaka alibaki kuangalia nyumba, yaani kupumzika. Wifi alivaa gauni analovaa kwenye harusi za watu anaotaka wamwonee wivu. Nje ya kituo tulimkuta fundi plasta, yule yule wa siku ya kwanza, mzee mwenye sementi hadi kwenye nyusi, amekaa ukutani pamoja na wanawake wa sabuni. Walikuwa wamekwama tangu wifi aanze likizo, kwa kuwa mashine haikuwa ikiwatambua bila mkono wake.

"Mama, afadhali umekuja," fundi akasema. "Tumekaa kama mizigo."

"Leo mimi msafiri," wifi akamjibu, pua juu. "Nikirudi."

Dirishani alikuwepo mwenzake wa kazi, msichana mwenye kucha ndefu ajabu ambaye tulimwita Kucha. Wakacheka, wakaulizana hali. Wifi akaweka kidole chake kwenye kioo alichokifuta mwenyewe miaka yote ile. Mashine haikulia tii. Haikuwaka kijani wala nyekundu. Ilianza kuandika.

Kucha akasogeza uso kwenye kompyuta. "Mama," akasema polepole, "hapa kuna watu."

"Watu gani?"

"Wewe."

Nikapenyeza kichwa changu dirishani, adabu baadaye. Wifi yangu alikuwa amejaa kwenye kompyuta kutoka juu hadi chini. Alikuwa fundi plasta, mwanamume. Alikuwa mjane mpika sabuni. Alikuwa mchimba visima, muosha vyombo wa hoteli, na bwana mmoja mwenye masharubu aliyejiandika kuwa mganga wa meno. Juu kabisa alikuwa yeye mwenyewe, na jina lake limewekwa alama nyekundu: mwenye vidole hivi anatumia majina mengi, azuiwe hadi maelezo ya mkuu wa kituo yafike makao makuu. Majina mengine yote yalikuwa meusi, salama, ruksa kupita. Mashine iliona hao ndio walioibiwa majina.

Yaani wifi yangu angeweza kuvuka akiwa mtu yeyote yule, isipokuwa yeye.

Foleni akaitwa. Alisoma, na jasho likamtoka hadi kwenye miwani. Alielewa kwamba maelezo hayo yangeanza na yeye na kikombe chake mlangoni. "Nitaandika," akasema. "Hili jambo linahitaji utaratibu. Wiki mbili, tatu..."

"Mwanangu anapasuliwa kesho," wifi akasema.

"Najua, mama, lakini utaratibu..."

Hapo damu ilinichemka. Nilimpa vidonge vyake. Nilimuuliza utaratibu huo alikuwa ameutundika wapi alipokuwa akipokea cheti, nikamwambia kwamba kama angeinuka siku moja tu kwenye kile kiti, hata kwa bahati mbaya, tusingekuwa hapa. Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Foleni alijitia hamnazo. Kilichonitisha ni kwamba wifi hakuniunga mkono. Alisimama tu ameshika mfuko wa vijishuka kifuani. Nilijua anaisikia tena ile simu ya binti.

Ndipo fundi plasta akaja dirishani, amevua kofia.

"Mama, si hata mimi nimo humo ndani?"

"Umo," Kucha akasema. "Wa pili kutoka juu."

"Na sijafungiwa?"

"Hujafungiwa."

"Basi nenda kama mimi," akamwambia wifi. "Mimi siendi popote, nimekaa hapa ukutani. Miaka yote umeniazima vidole, leo niazime jina. Ukifika kule pita kwenye ile nyumba ninayojenga, unitazamie kama wamebakiza sementi."

Foleni alikohoa. Akasema, akiangalia dari, kwamba yeye hajasikia kitu, kwamba ana kazi nyingi, na foleni itembee. Akaingia ofisini, akafunga mlango. Kucha akatutazama, akabonyeza. Mashine ikalia tii kwa furaha na kutoa pasi ya muda, kile kikaratasi kisicho na picha: jina la fundi, kazi ya fundi, jinsia ya fundi.

Upande wa pili afisa alisoma kikaratasi, akagonga muhuri bila kuinua macho, akasema, "Karibu, mzee, pita." Wifi alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Binti alikuwa ameshalazwa hospitali, kwa hiyo tulilala nyumbani kwa mkwe, yaani walioupata usingizi ni mimi na mkwe. Wifi alikesha akikunja vijishuka. Asubuhi tukawahi hospitali. Binti alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Tukakaa uani kwa roho mkononi. Mkwe alizunguka ua ule mpaka nikamwomba akae, kizunguzungu kilikuwa kinanishika mimi. Saa zikapita. Hatimaye muuguzi akatokea, akasema, "Wa kike. Wote wazima."

Sijui nilipiga kelele gani, lakini mtu wa chumba cha dawa alitoka kuangalia. Wifi hakupiga kelele. Aliketi chini, kwenye sakafu, na gauni lake la harusi.

Sasa kuingia wodini. Pale mezani palikuwa na muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, na sheria zake zilikuwa ukutani: ndugu mmoja tu kwa wakati, wanawake tu, mgeni aache pasi yake. Mimi nikatoa yangu, wifi akatoa yake. Muuguzi akasoma moja, akasoma nyingine, akarudia.

"Wewe shangazi utaingia," akaniambia. Kisha akamtazama wifi juu hadi chini. "Fundi abaki nje."

"Mimi ni mama yake mzazi," wifi akasema.

"Pasi inasema mwanamume."

"Na macho yako yanasema nini?"

"Macho yangu hayajaajiriwa hapa," muuguzi akasema. "Mimi naandika kilicho kwenye karatasi. Mwezi uliopita aliingia mmoja na gauni zuri kama hilo, akaondoka na simu za wazazi wote. Benchi la wanaume lile pale."

Nikabishana, wifi akabishana, muuguzi akachomoa kalamu sikioni ishara kwamba kikao kimekwisha. Nilipogeuka nilimwona wifi yangu ameketi benchi la wanaume, mkwe wake amejibana upande wa pili hataki hata mguu wake umguse mama mkwe, wote wawili wanaangalia mlango.

Nikaingia peke yangu. Binti alikuwa kitanda cha dirishani, uso umempauka, mtoto amefunikwa pembeni yake. Aliponiona alitabasamu. Kisha akaangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kumaliza kufunga mlango. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Hakuja," akasema. Wala haikuwa swali.

"Amekuja! Yuko nje hapo!"

"Shangazi, usinidanganye. Angekuwa nje ningemsikia."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Ikabidi nimweleze mbio mbio: vidole, mashine, fundi plasta, benchi la wanaume pamoja na mume wake. Nilipofika kwenye "karibu, mzee, pita," mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa akicheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Shangazi, acha, mshono! Mshono!" Mwanamke wa kitanda cha pili naye akaanza, na wa tatu, mpaka muuguzi akaja kuona nani anawaua wagonjwa wake.

"Sista," binti akamwambia, akihema, "huyo mwanaume aliyeko nje. Amekusema?"

"Amenisema mimi, meza yangu, na kalamu yangu."

"Basi ni mama."

Muuguzi alisimama, akafikiri, akamtazama binti yule na midomo yake iliyochanika kwa kiu. Kisha akatoka mlangoni akaita, "Fundi! Ingia upesi kabla sijajuta."

Sitasema mengi kuhusu kilichofuata. Wifi yangu alipiga magoti pembeni ya kitanda, akaweka kichwa chake ubavuni mwa mwanawe, akabaki hivyo. Binti alikuwa akimpapasa kichwani kana kwamba yeye ndiye mama. Mimi nilimshika mtoto. Ana pua yetu.

Baadaye kidogo, walipokwisha kufuta nyuso, binti akakichukua kile kikaratasi cha pasi, akakisoma, akacheka tena taratibu. "Kwa hiyo kwenye vitabu vyenu hukuja," akasema. "Amekuja mzee mmoja. Mara ya kwanza hukuja, na mara hii pia hukuja."

Alikuwa akitania. Nilimwona kwa macho yangu kwamba alikuwa akitania. Lakini wifi alikitazama kile kikaratasi kwa muda mrefu, akakikunja, akakitia ndani ya sidiria, na siku zote tulizokaa kule hakukitaja tena. Alipita kwenye nyumba ya fundi, akatazama sementi, ilikuwepo.

Siku ya kurudi, Kucha alituona tangu mbali. Alikuwa amejiandaa. Alishafungua jina la fundi plasta kwenye kompyuta, akabakiza kubonyeza tu, fundi arejee nyumbani, mambo yaishe. Foleni alikuwa amesimama nyuma yake, ametabasamu, jambo ambalo halimpendezi. Fundi mwenyewe na wanawake wa sabuni walikuwa pale pale ukutani.

"Weka kidole, mama," Kucha akanong'ona.

"Siweki," wifi akasema. Na mnaijua sauti yake, hakuna aliyebaki bila kusikia. "Aliyevuka si fundi. Fundi yuko pale ukutani. Aliyevuka ni mimi, na vidole vyote vilivyomo humo ndani ni vyangu, niliviweka mimi."

Foleni akatoka nje mbio, sijawahi kumwona akikimbia. Akamshika wifi mkono, akamvuta pembeni, pembeni yenyewe ikiwa mbele ya kibanda changu. "Mama, nakuomba. Weka kidole, upite, nami nitaandika maelezo taratibu, ya kiungwana. Ukisema hivi mbele ya watu, kazi huna. Nakwambia ukweli, kazi huna. Na hawa watu wako wote watafutwa, waanze upya."

Hilo la watu lilimchoma. Akageuka akawatazama waliokaa ukutani.

"Mnasikia? Nikisema, majina yenu yatafutwa. Mtaandikwa upya, na mashine haiwataki."

Wanawake wa sabuni wakaguna, wakatazamana. Si jambo dogo. Ndiyo riziki yao. Mjane mmoja akasema wazi kwamba yeye hapendi, na kwamba angeulizwa mapema angekataa. Kisha akauliza, "Na kile kitufe chenu cha watu wasiosomeka, bado kipo?"

"Kipo," Kucha akasema. "Kinamtaka mkuu."

"Basi si mkuu huyo hapo? Amesimama."

"Mimi nimechoka kuwa na vidole vya kike," fundi plasta akasema akiinuka na kujikung'uta. "Niandikeni kama nilivyo, sina alama. Nitazameni usoni, sura si ninayo?"

Watu wakacheka, wakasogea, wakajipanga. Foleni alitazama foleni ile, ndefu, imesimama, haina mpango wa kutembea, na yote ilikuwa inamngoja yeye na kalamu yake. Nilitamani kumpiga picha. Nilimpiga.

Wifi akarudi dirishani. Kucha akafuta jina la fundi, akafungua ukurasa mtupu wa maelezo. Zile kucha zilikuwa zikigonga vitufe ovyo. Akauliza jina, wifi akataja lake, lote, mpaka la babu. Akauliza jinsia, wifi akamkazia macho, naye akaijaza mwenyewe bila kungoja. Akauliza kazi. Wifi akamtazama Foleni, akasema, "Mpaka asubuhi hii, dirisha hili."

"Sababu ya safari?"

"Mwanangu alijifungua. Nilikuwepo."

Kucha akatafuta kwenye kompyuta, juu, chini. "Mama, hapa pana biashara, matibabu na matembezi. Hiyo yako haina mahali."

"Andika," wifi yangu akasema. "Andika nilikuwepo."

Kucha akaandika.